Kibarua, Mkandarasi au Mshirika? Somo Juu ya Wafanyakazi wa Kujitegemea



Matawi kadhaa yametuletea swali moja, ingawa kila tawi limeliuliza kwa namna yake. Tawi la kiwandani linauliza: wale mafundi wanaokuja kutengeneza mitambo, ambao majina yao hayamo katika kitabu cha mishahara, ni wenzetu au ni wafanyabiashara? Tawi la shamba la miwa linauliza: mkata miwa aliyeletwa na mkandarasi, tajiri wake ni nani? Na vijana wa bodaboda wanaosimama nje ya lango wanasema: sisi hatuna tajiri, tuna simu tu, chama kitatufaa nini? Tunawajibu wote watatu pamoja. Kwa maoni yetu swali ni hili: mtu anayeitwa huru katika kazi yake, uhuru wake uko wapi hasa?

Tuanze kwa haki. Kazi ya kujitegemea si jambo baya, wala si jambo geni. Fundi cherehani, mwashi, seremala, mpiga picha wa harusi, mpiga gitaa, mkalimani wa mikutano, hawa wote wameishi kwa kazi yao bila kupiga kengele ya mtu. Tena kuna kazi ambayo haitoshi kumwajiri mtu mwaka mzima. Boila ya kiwanda ikipasuka anahitajika fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea. Akimaliza, kiwanda hakimhitaji tena mpaka siku nyingine. Fundi huyo akiwa na viwanda vitano vya kuhudumia, kila kiwanda kinapata ujuzi ambao peke yake kisingeweza kuutunza, naye anapata bei nzuri kuliko mshahara. Uchumi wa leo unawahitaji watu kama hao, na kadiri mitambo na kompyuta zinavyoongezeka ndivyo wanavyoongezeka.

Waingereza humwita mtu huyo frilansa. Asili ya neno hilo ni askari wa zamani mwenye mkuki asiyekuwa na bwana, aliyepigana upande wa yeyote anayelipa. Tumtazame askari huyo vizuri. Farasi ni wake, mkuki ni wake, na vita vikikaribia yeye ndiye anayepandisha bei. Mtu akimkopa malipo, anapanda farasi na kwenda zake.

Hizo ndizo alama za fundi huru wa kweli. Bei anaitaja yeye, au walau wanapatana. Kazi asiyoitaka anaikataa, na kesho haadhibiwi kwa kukataa. Wateja wake ni wengi, mmoja akiondoka hafi njaa. Akigundua njia ya kumaliza kazi upesi zaidi, faida ya akili yake inabaki kwake.

Sasa tumtazame mwingine. Yuko kiwandani saa moja asubuhi kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Nyapara ndiye anayemwambia asimame wapi. Bei imeandikwa ukutani na hakuulizwa. Mteja wake ni mmoja tu, yule yule, mwaka wa tatu huu. Lakini karatasi aliyopewa kutia kidole inasema yeye ni mkandarasi binafsi, na kampuni haina deni naye la likizo, la ugonjwa wala la kumwachisha kazi. Karatasi za namna hiyo tumeziona kwa macho yetu. Nyingine zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na aliyepewa kuzitia saini hakupewa hata nafasi ya kwenda nazo nyumbani usiku mmoja.

Kwa nini tajiri apende neno hilo? Tufanye hesabu. Ni mfano wa kubuni, lakini kila mtu anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe.

Mfanyakazi wa kwanza ameajiriwa kwa sh. 500,000 kwa mwezi. Juu ya hizo tajiri anaweka sehemu yake kwenye NSSF, asilimia 10, yaani sh. 50,000. Ukihesabu na akiba hiyo, mtu huyu ana sh. 550,000. Mfanyakazi wa pili ni huyo anayeitwa huru. Analipwa sh. 25,000 kwa siku. Akifanya siku 26 anapata sh. 650,000, na hapo ndipo vijana wengi wanapopiga makofi. Lakini viatu, glavu, nauli na vyombo ni juu yake, tuseme sh. 3,000 kila siku. Zimebaki sh. 572,000. Basi amemzidi mwenzake kwa sh. 22,000, kwa sharti kwamba hakuugua, mtambo haukuharibika, mvua haikunyesha na kazi haikukosekana hata siku moja.

Mwezi wa namna hiyo ni nadra. Tuseme kwa wastani anapata siku 20. Ni sh. 500,000; ukitoa gharama zake ni sh. 440,000. Kwa mwaka mzima wa kwanza ana sh. 6,600,000, na wa pili ana sh. 5,280,000. Tofauti ni sh. 1,320,000. Na bado hatujasema kwamba yule wa kwanza, kwa sheria ya Uganda, ana siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Na akiugua, mwezi wa kwanza analipwa mshahara wake kamili. Wa pili akiugua, siku hiyo hiyo mshahara umekufa.

Tusiseme kwamba fedha hizo zimepotea. Zimehama mfuko. Zamani mtambo ukisimama, hasara ilikuwa ya mwenye mtambo. Siku hizi mtambo ukisimama, hasara inagawiwa kwa vibarua mia, kila mmoja anakwenda nayo nyumbani. Kazi ya ngwe shambani na malipo ya majani ya chai kwa kilo vina tabia hiyo hiyo: jani likiwa haba kwa ukame, kikapu chepesi ni cha mchumaji.

Mambo haya tuliyaona kwanza bandarini. Neno letu "kibarua" lenyewe maana yake ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku ili jioni akionyeshe alipwe. Meli haiji kila siku. Wenye meli walitaka makuli wengi siku ya meli na wasimlishe mtu siku isiyo na meli. Katika bandari ya London watu walikusanyika asubuhi langoni, wakasukumana mbele ya msimamizi wapate kuchaguliwa, na aliyechaguliwa pengine alifanya kazi saa moja au mbili tu akaambiwa basi. Mwezi wa Agosti 1889 wakagoma. Walidai peni 6 kwa saa, na mtu akiitwa asiitwe kwa chini ya saa 4. Ben Tillett, Tom Mann na John Burns walikuwa mbele. Wafanyakazi wa Australia, ambao hawakuwajua kwa sura, waliwapelekea zaidi ya pauni 30,000. Septemba makuli wakashinda.

Hapo kuna jambo tunalotaka msome mara mbili. Mafundi wa kupanga shehena melini walikuwa na chama chao na malipo mazuri zaidi. Wangeweza kusema: ya vibarua hayatuhusu. Hawakusema hivyo. Waligoma pamoja nao, na wao wakisimama hakuna meli inayopakiwa. Kibarua peke yake angebadilishwa na kibarua mwingine asubuhi ile ile.

Mombasa ilikuwa na habari yake, na hiyo ni ya kufikiri zaidi. Wakubwa wa serikali ya kikoloni na wa makampuni walilalamika kwamba makuli wa siku ni wavivu, wanafanya kazi siku chache kisha hawaonekani. Ukweli ni kwamba malipo ya siku ya gatini yalikuwa mazuri kupita ya kazi nyingi za mjini, na wengi wa watu wa pwani walikuwa na shamba na jamaa karibu. Mtu alipakua meli siku chache akarudi kwake. Huyo alikuwa huru kweli, na kilichomfanya huru ni kile chungu cha pili jikoni. Aliyetoka mbali, asiye na muhogo wala mnazi, alisimama kwenye foleni ile ile kwa malipo yale yale, lakini hakuweza kukataa. Watu wawili, cheti kimoja, hali mbili.

Januari 1947 Mombasa ilisimama siku 12. Makuli, watu wa reli, watumishi wa mahoteli, wapatao 15,000, waligoma pamoja, wa kudumu na wa siku. Chege Kibachia, aliyeongoza shirikisho lao, alikamatwa Agosti mwaka huo huo. Lakini baada ya hapo wakubwa walifahamu kwamba kibarua asiye na lolote la kupoteza ni mtu wa hatari, wakaanza kuwaandikisha makuli na kuwapa kazi ya kueleweka. Chama cha makuli kikaundwa 1954, na mgomo wa Machi 1955, ambao Tom Mboya aliingia kati kuusuluhisha, ukaongeza mshahara. Tuseme na upande wa pili: katika kuandikisha, wale waliokuwa wakija siku chache wakafutwa kwenye orodha. Si kila kibarua alishukuru.

Wala ushindi si jiwe. Huko Uingereza mpango wa kuwahakikishia makuli kazi na malipo ya siku zisizo na meli ulianzishwa kwa nchi nzima mwaka 1947. Ulifutwa 1989, miaka mia kamili baada ya ule mgomo.

Sasa lango la bandari limeingia ndani ya simu. Dereva anawasha programu, anangoja kuitwa, kama kuli wa zamani, isipokuwa hamwoni msimamizi. Kampuni inamwita mshirika. Madereva wa Uber wa London, wakiongozwa na Yaseen Aslam na James Farrar, waliipeleka kampuni hiyo mbele ya baraza la kazi, na kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya mwisho ya nchi hiyo. Tarehe 19 Februari 2021 majaji wote waliamua kwamba madereva hao ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Tutazame majaji walitazama nini. Hawakuanza na karatasi. Waliuliza: nani anapanga nauli? Kampuni. Nani ameandika masharti? Kampuni. Dereva akikataa abiria mara nyingi inakuwaje? Anafungiwa kwa muda. Nani anampima kwa alama, akishuka chini ya kiasi anaondolewa? Kampuni. Anaweza kumzoea abiria awe mteja wake? Kampuni imezuia. Njia pekee ya kuongeza kipato ni kuongeza saa za kazi. Mwamuzi yeyote wa kijijini angeona hivyo hivyo, lakini ilichukua zaidi ya miaka minne, tangu hukumu ya kwanza ya 2016. Na hata baada ya hukumu kampuni ilisema itahesabu muda kuanzia dereva anapokubali safari, si muda wa kungoja, jambo ambalo majaji hawakulisema.

Kwingine mambo yalikwenda kinyume. Katika jimbo la California huko Marekani, Novemba 2020, makampuni ya namna hiyo yalitumia zaidi ya dola milioni 200 katika kampeni ya kura, na wananchi wakapitisha kwamba madereva wabaki makandarasi.

Tukirudi kwetu, sheria zipo, na mwakilishi wa tawi asiyezijua anakwenda vitani na fimbo ya mtama. Uganda, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi 4 si kibarua tena. Anastahili mkataba wa maandishi na haki zote. Ndiyo maana matajiri wengine huwapumzisha watu katika mwezi wa tatu, wakawaita tena baada ya wiki mbili. Andikeni tarehe. Daftari la shilingi chache lenye tarehe za kuingia na kutoka lina nguvu kuliko hasira ya watu mia. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inamgeuza kibarua kuwa wa mshahara wa mwezi akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha chini ya miezi 3. Tanzania, sheria ya taasisi za kazi ya 2004, kifungu cha 61, ndiyo tunayoipenda zaidi. Inasema mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikionekana hata dalili moja: anaongozwa na mwingine namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea kwa riziki, anapewa vyombo naye, au anamfanyia kazi yeye tu.

Shirika la Kazi Duniani lilikwisha kusema katika Pendekezo namba 198 la mwaka 2006 kwamba kinachotazamwa ni kazi inavyofanyika kweli, si jina lililoandikwa. Na mwaka 2025, katika mkutano wake wa Geneva, ilikubaliwa kwamba utungwe mkataba wa kimataifa, pamoja na pendekezo, juu ya kazi za programu za simu.

Lakini sheria haimsaidii yule fundi wa boila ambaye kweli ni huru, wala mshona nguo wa nyumbani, wala mwenye bodaboda yake mwenyewe asiyetumia programu ya mtu. Wengine katika matawi wanasema: hao si wafanyakazi, chama hakina mahali pao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huko India, katika mji wa Ahmedabad, Ela Bhatt aliwakusanya wanawake wachukuzi wa mizigo kichwani, washona nguo na wachuuzi wa mboga. Walipokwenda kuandikisha chama, ofisi ikakataa: hamna mwajiri, mtapigana na nani? Wakajibu kwamba chama si lazima kiwe cha kupigana na mtu, ni cha kuwaunganisha wafanyakazi. Kikaandikishwa Aprili 1972, kwa jina la SEWA, na leo ni miongoni mwa vyama vikubwa vya India.

Hapa Uganda pia tuna mfano. Chama cha wafanyakazi wa usafiri, ATGWU, kilidhoofika sana makampuni ya mabasi yalipoanguka. Hakikukaa kuomboleza mabasi. Kiliwafuata madereva wa teksi za uwanja wa Entebbe na waendesha bodaboda wa Kampala, na kuwapokea pamoja na vyama walivyokuwa wamekwisha kuviunda wenyewe. Polisi akimkamata mwendesha boda ovyo, sasa kuna mtu wa kwenda kuuliza. Kwa mtu asiye na tajiri, mara nyingi polisi na baraza la mji ndio anaobishana nao juu ya riziki yake, na huko kelele ya mtu mmoja haisikiki.

Kuna jambo jingine la kufaa mara moja. Tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, kila tajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, lazima achangie. Na anayejitegemea anaweza kujiwekea kwa hiari. Wajulisheni wale wa nje ya lango. Wengi bado wanadhani mfuko huo ni wa watu wa ofisini.

Yamebaki mambo ambayo makao ya chama hayawezi kuyaamua bila matawi. La kwanza ni ada. Ada yetu hukatwa kwenye mshahara mwisho wa mwezi. Wa bodaboda na kibarua hana mwisho wa mwezi. Ikusanywe kila juma? Na nani, kwa simu au kwa mkono? Sisi tunaelekea upande wa simu, kwa sababu fedha za mkononi zimevunja vyama vingi kuliko matajiri walivyovivunja. La pili ni kura. Mtu wa kujitegemea apige kura juu ya mapatano ya kiwanda ambayo hayamhusu? Tunaona hapana, lakini juu ya viongozi na matumizi ya ada, ndiyo. La tatu ni gumu: mafundi wa nje wakiitwa kuendesha mitambo wakati wa mgomo wetu, tumekwisha kuwafanyia nini mpaka tuwaombe wakatae?

Kila tawi lijadili na kuandika majibu yake, hata kama ni ya kupingana. Katibu asiyafupishe. Matawi ya miwa yaanze mapema, kwa sababu mkandarasi akimaliza ukataji watu wake hupanda lori moja na kutawanyika, na tukichelewa hatutajua pa kuwapata.